Je, Wajua? Vitabu vya Kusoma Kabla Mwaka Haujaisha

Je, wajua kwamba kitabu kilichotwaa Tuzo ya Booker mwaka 2024 kina kurasa 136 tu? Ni Orbital, cha Mwingereza Samantha Harvey. Wanaanga sita wamo kwenye kituo cha angani, na riwaya nzima ni siku yao moja. Kwa kuwa kituo huizunguka dunia mara 16 kwa siku, jua linawachomozea mara 16 na kuwazamia mara 16. Mmoja wao, Mjapani, amepata habari kwamba mama yake amefariki, na hana namna ya kushuka kwenda kuzika. Harvey mwenyewe hajawahi kufika angani. Alikuwa akitazama mezani kwake video zinazorushwa kutoka kituo cha kimataifa. Mpenda visa vya mbio atasinzia. Lakini wewe unayelalamika kwamba huna muda wa kusoma, anza na hiki, ni cha jioni mbili tu.

Je, wajua kwamba Theft, iliyotoka 2025, ndiyo riwaya ya kwanza ya Abdulrazak Gurnah tangu apewe Nobel mwaka 2021? Badar, kijana wa kijijini, anapelekwa Dar es Salaam kutumika katika nyumba ya watu. Baadaye anasingiziwa wizi, na Karim, kijana msomi wa ukoo ule, anamchukua kwenda naye Unguja, ambako anapata kazi hotelini. Tumezoea riwaya ambamo mtumishi huingia na sinia ya chai, akaiweka, akatoweka. Humu tunabaki naye jikoni wakati wakubwa wanazungumza sebuleni, na mengi tunayoyajua tunayajua kwa sababu yeye ameyasikia. Kwangu mimi, Karim anachosha kadiri anavyofanikiwa. Badar hachoshi hata kidogo.

Na je, wajua kwamba Gurnah anasomeka kwa Kiswahili? Riwaya yake ya 1994, Paradise, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis, na Mkuki na Nyota wakaitoa mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ilichukua miaka 28 na Nobel moja. Habari yenyewe ni ya Yusuf, mtoto anayewekwa rehani kwa tajiri kwa deni la baba yake, na ya misafara ya biashara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda bara. Kama utanunua kimoja tu katika hivi, nunua hicho.

Je, wajua kwamba kuna binti wa Mombasa aliyeingia baharini kwa chombo cha mifupa, nahodha mwenzake akiwa paka anayesema? Anaitwa Aisha, anamtafuta baba yake mvuvi aliyepotea, na yumo katika The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mzaliwa wa mji huohuo. Riwaya hiyo ilitoka 2021, na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kabisa kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Majini na mazimwi ya baharini yamejaa, kunguru nao wana mambo yao. Lakini kinachomtisha Aisha kuliko zimwi lolote ni kurudi nchi kavu, kwa bibi anayetaka kumwoza.

Panda kaskazini kidogo hadi Pate. Mwaka 2005 msichana wa kisiwa hicho alipata ufadhili wa kwenda kusoma China, kwa kuwa ukoo wake ulisemekana kutokana na mabaharia wa amiri wa Kichina, Zheng He, waliovunjikiwa na jahazi huko karne ya 15. Kutokana na tukio hilo Yvonne Adhiambo Owuor aliandika The Dragonfly Sea, iliyotoka 2019. Ni nene, na katikati inapwaya. Vumilia, kwani kurasa za mwanzo, mtoto Ayaana anapojichagulia baba kati ya wanaume wanaorudi kutoka baharini, zinalipa gharama yote.

Je, wajua kwamba mshindi wa Tuzo ya Goncourt ya Ufaransa hupewa euro 10 tu? Mwaka 2021 alizipata Msenegali Mohamed Mbougar Sarr, akiwa na miaka 31, kwa riwaya iliyochapishwa kwa pamoja na Philippe Rey wa Paris na Jimsaan wa Dakar. Inamsaka mwandishi mmoja aliyesifiwa, akatuhumiwa kuiba maandishi ya wengine, kisha akanyamaza. Nyuma ya mhusika huyo yupo mwandishi wa kweli, Yambo Ouologuem wa Mali. Mwaka huohuo Booker ilikwenda kwa Damon Galgut wa Afrika Kusini, na Camões, tuzo kuu ya Kireno, kwa Paulina Chiziane wa Msumbiji.

Hupendi riwaya ndefu? Heart Lamp ya Banu Mushtaq, mwanasheria wa India, ina hadithi 12. Mwaka 2025 ilikuwa mkusanyiko wa kwanza wa hadithi fupi kushinda Tuzo ya Kimataifa ya Booker, na kitabu cha kwanza kutoka lugha ya Kikannada. Talaka, mitala, mama mkwe, shehe anayeombwa kuamua: msomaji wa Tanga au Malindi hatahitaji maelezo.

Kwa wanaotaka historia: wasifu wa Nyerere uliotoka 2020 una majuzuu matatu, kila moja na mwandishi wake, nao ni Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji. Usijaribu kuusoma kitandani. Mahmood Mamdani naye ametoa Slow Poison mwaka 2025, akiwapima Idi Amin na Museveni pamoja. Yeye mwenyewe ni mmoja wa Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, ndiyo maana inashangaza jinsi anavyomhukumu Amin kwa utulivu.

Je, wajua kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 ikapigwa marufuku kabla ya kuja kusomeshwa shuleni, ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 2025? Mfasiri ni Jay Boss Rubin, wachapishaji ni Chuo Kikuu cha Yale. Wamarekani ndio kwanza wanakutana na Rosa wa Ukerewe. Wewe ulimsoma kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo msome tena, safari hii bila kalamu mkononi.