Ndege anayejua mluzi wa kwenu

Mlembe si ndege wa kuvutia macho. Rangi yake ni kijivu na kahawia, uzito wake ni kama gramu 50 tu, na akitulia kwenye tawi la mtundu katika misitu ya miombo ya upande wa Ntalikwa, mkoani Tabora, utampita bila kumwona. Ila mbele ya mtu hatulii. Hulia mfululizo kama kiberiti kinachotikiswa, huruka mti wa mbele, hungoja, huruka tena. Ukimfuata atakufikisha kwenye mti wenye nyuki, kisha atanyamaza. Shoka, moto na moshi ni juu yako.

Asali yenyewe haina maana sana kwake. Anachotaka ni nta na majana. Nta ile ile iliyokuwa bidhaa ya thamani Tabora enzi za Wajerumani, kwake ni chakula. Wanyama wanaoweza kuisaga tumboni ni wachache mno. Mwishoni mwa karne ya 16 mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala, aliandika kwamba ndege hawa waliingia kanisani mwake kudonoa mishumaa. Ngozi ya mlembe ni nene, lakini nyuki wakikasirika wanaweza kumuua. Ndiyo maana anamtafuta binadamu.

Je, anaongoza kweli, au ni sisi tunaojidanganya? Mkenya Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walilipima jambo hili miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Katika eneo wasilolizoea, warina asali wasio na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Wenye ndege, saa 3.2. Na asilimia 96 ya makao ya nyuki hayakuweza kuliwa na ndege mpaka mtu ayafungue. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, na hesabu ipo.

Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walipiga hatua nyingine huko Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Warina asali wa Kiyao humwita ndege kwa kutetemesha ulimi na kumalizia na mguno: brrr-hm. Watafiti walitembea msituni wakicheza sauti hiyo na sauti nyingine za kulinganishia. Kwa sauti nyingine, uwezekano wa kuonyeshwa nyuki ulikuwa takriban asilimia 16. Kwa brrr-hm ulipanda hadi 54. Ndege alikuwa anatofautisha mtu aliyekuja kurina na mtu anayejipitia.

Lakini Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawasemi brrr-hm. Wao hupiga mluzi wenye mahadhi. Basi mtafiti Brian Wood na Spottiswoode wakazicheza sauti zote mbili katika maeneo yote mawili, na mwaka 2023 wakatoa jibu: ndege wa Eyasi waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Kiyao, wa Niassa waliitikia wito wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi. Mrina asali wa Eyasi akihamia Niassa na mluzi wake wa nyumbani, atalazimika kujifunza lugha ya huko.

Hapo ndipo panaponishangaza, maana mlembe hana wa kumfundisha. Mama hutaga yai kwenye kiota cha ndege mwingine, mara nyingi keremkerem au hudihudi, akaondoka zake. Kamera zilizowekwa ndani ya mashimo ya keremkerem huko Zambia zilionyesha kifaranga kipofu, asiye na manyoya, akiwauma wenzake mpaka wafe kwa ndoano mbili za ncha ya mdomo wake. Ndoano hizo hudondoka baadaye. Mtoto aliyelelewa hivyo hajui wazazi wake. Hamu ya kuongoza huenda anazaliwa nayo. Sauti ya binadamu wa eneo lake inaelekea huipata kwa kuishi nao na kuona ni nani anayeishia kuvunja masega.

Malipo nayo hayafanani. Wayao humwachia nta juu ya majani mabichi. Wahadzabe mara nyingi huyachoma au kuyafukia masega, wakisema ndege aliyeshiba haongozi tena. Sioni kwamba hoja hiyo ni ya kikatili. Wale wanaoishi na ndege huyu kila siku wana sababu ya kuijua tabia yake kuliko sisi.

Mwaka 1955 mtaalamu wa ndege Herbert Friedmann aliandika kwamba pale sukari ya dukani ilipoingia, ndege walianza kuacha kuongoza watu. Tabora asali bado inatafutwa, lakini nyingi hutoka kwenye mizinga iliyotundikwa mtini, na mwenye mzinga hahitaji kuonyeshwa alipoutundika.