Terminator 3: Arnold kachemsha?

Washikaji mnaniuliza kila siku: ile Terminator ya tatu, ya mwaka 2003, inafua dafu mbele ya zile mbili za James Cameron? Haifui. Ya 1984 ilitisha, na ya 1991 ndiyo kiboko yao: yule adui wa chuma kinachoyeyuka, acha bwana! Safari hii adui ni mwanadada Kristanna Loken. Mzuri kweli, ila hatishi. Arnold Schwarzenegger naye kazidisha vichekesho, na Linda Hamilton, mama mtu, hayumo kabisa.

Lakini usiizime mapema. Lile gari la winchi linavyobomoa mtaa, mwenyewe utasimama! Halafu mwisho wake sasa. Vita ambayo picha ya pili ilituaminisha imezuiwa, inalipuka kweli, makombora ya nyuklia yanaruka. Steringi haokoi dunia! Hapo Jonathan Mostow, aliyeiongoza, kanikamata.