Mwezi wa juu na mwezi wa mushahara

Kila mama wa kambi anajua: kuko juma ndakala inajaa soko, na kuko juma kopo ile ile inapanda bei. Ukiuliza, wauzaji wanajibu tu "barabara ni mubaya". Ni mubaya, ndiyo. Lakini sisi wa sandika tulienda Kalemie kwa matanga ya kamarade wetu, na ndugu zake wavuvi wakatupeleka ziwani usiku mumoja. Tulirudi na jibu ingine.

Ziwa Tanganyika linashuka karibu metre 1.470, lakini kule chini kabisa hakuna hewa ya kupumua, samaki hawaishi huko. Muchana ndakala zinashuka mpaka penye giza, zinajificha. Jua likizama zinapanda kufuata chakula, vile vidudu vya maji vidogo kama vumbi, navyo vinapanda saa ile. Ni sawa na ekipe yetu ya asubuhi: kushuka jua likitoka, kupanda likizama.

Wavuvi wanafunga mitumbwi mbili pamoja na miti, taa zinaning'inia juu ya maji, wavu unangoja chini. Kisha wanakaa kimya. Saa nzima hatukuona kitu. Halafu vidudu vikakusanyika penye mwangaza, ndakala zikafuata kula, zikazunguka zunguka, zinang'aa kama mika ndani ya jiwe. Mikebuka, wenye kukula ndakala, walibaki pembeni, pale mwangaza unapokutana na giza.

Hapo mumoja wetu akainama kuangalia na akawasha taa yake ya kichwa. Mazoea ya shimo. Ndakala zote zikazama kama mabwe. Samaki anazoea taa yenye kukaa pahali pamoja; ile yenye kuruka ruka inamutia woga. Yaya wa marehemu hakutukana, lakini alitoa ile taa kichwani mwa kamarade kwa mukono wake mwenyewe, na tukangoja tena. Mwisho wakazima taa za pembeni, wakaacha moja tu katikati. Samaki wakajibana chini yake, wavu ukavutwa.

Wazee walifanya hivyo kwa moto wa kuni mbele ya mutumbwi na wavu wa mukono wenye kuitwa lusenga. Kisha zikaja taa za petroli, leo ni LED na batri. Namna ni ile ile.

Sasa, mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa na mwangaza. Taa ya muvuvi inapotea ndani yake, ndakala zinatawanyika, hazioni sababu ya kuja pahali pamoja. Kwa hiyo wavuvi wengi wanabaki inchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu. Samaki wengi wanapatikana siku za giza. Wanaanikwa, wanapanda lori ao treni, na upungufu wa ziwani unafika kwetu nyuma.

Mushahara wetu nao uko na mwezi wake. Kompani moja, wengi wetu tunaifanyia kazi, ililipa na kuchelewa miezi tatu kwa kufuatana. Feza ilitoka wakati magunia yameisha sokoni. Ba mama wakanunua kopo kwa kopo, tena kwa deni. Kwenye mazungumuzo tuliomba tarehe moja isiyobadilika. Bwana mumoja wa upande wao akacheka: mushahara haufuate samaki. Tuliomba neno lile liandikwe kwenye PV, na liliandikwa.

Wakati tunangoja tarehe, tumepatana hivi. Kila nyumba yenye kukubali inatoa kidogo kidogo, feza inatangulia Kalemie, na yaya wa marehemu ananunua gunia siku za giza, bei ikiwa chini. Majina yanaandikwa kwa delege wa kila ekipe. Gunia litagawanywa kwa kilo, hapana kwa kopo, na mujane wa kamarade njo atashika mizani.