Jokofu la chanjo lipandalo pikipiki

MAMA aliyetembea kutwa, mtoto mgongoni, akifika zahanati huambiwa arudi wiki ijayo: jokofu limeharibika. Wengine hawarudi. Kwa wakazi wa Gataka, Rongai na Kitengela jambo hili laweza kuonekana la mbali, lakini Kajiado hiyo hiyo ina manyatta ambako umeme haujafika.

Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wengi hudhani adui ni joto pekee. La! Chanjo ya pentavalenti, ikingayo dondakoo, kifaduro na pepopunda miongoni mwa maradhi mengine, huharibika pia ikiganda, na kuiyeyusha hakuiponyi.

Bi. Norah Magero, mhandisi wa Kenya, aliionja adha ya kutafuta chanjo alipokuwa na mtoto mchanga. Kampuni yake, Drop Access, ikaunda VacciBox, jokofu la lita 40 litumialo nguvu za jua, liwezalo kufungwa kwenye pikipiki, baiskeli au hata mashua. Mwaka 2022 alitunukiwa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Alikuwa Mkenya wa kwanza kuishinda.

Fedha si hoja kubwa hapa. Wabunifu 16 walioteuliwa mwaka huo walipewa mafunzo ya miezi minane, na hayo ndiyo vijana wetu wanayakosa. Wengi huanza na programu ya simu, kisha wakatafuta ugonjwa wa kuutibu! Ubunifu wa kweli huanza kwa mtumiaji: kukaa naye, kumsikiliza, kuunda kifaa cha majaribio kwa gharama ndogo, kumpa akijaribu, kisha kurekebisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kazi ingalipo tele. Msomaji, mwombe muuguzi akuonyeshe alama ya mraba ndani ya duara kwenye chupa ya chanjo. Mraba ukiiva rangi hata ukafanana na duara, chanjo imeungua na hutupwa. Lakini alama hiyo haitambui chanjo iliyoganda. Akishuku hilo, muuguzi hulazimika kuitikisa chupa, kuiweka kando ya nyingine iliyogandishwa makusudi, na kungoja aone ipi itatuama upesi, huku foleni ya akina mama ikingoja nje.