Mtu Anapohama, Huogopa Nini?

Katika stendi ya mabasi ya mji wowote wa mikoani, alfajiri, hakosekani kijana mwenye mfuko mmoja mkononi na namba ya simu ya binamu yake aishiye Dar es Salaam. Kwao hakufukuzwa. Shamba lipo, na chakula kipo japo cha kusuasua. Aendako hana kazi wala chumba, na binamu huyo hajamtia machoni kwa miaka mitatu. Hata hivyo anapanda basi.

Jibu tulilozoea kulitoa ni kwamba kijana ana tamaa ya taa za mjini. Wakoloni waliwaita watu wa namna hii wahuni na kuwarudisha makwao kwa nguvu. Taifa huru nalo, kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, lilijaribu kuwapeleka mashambani wale waliokutwa mjini bila kazi iliyotambuliwa. Walipelekwa, na wengi wao wakarudi. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam wapatao 270,000. Ile ya mwaka 1978 ikakuta zaidi ya 840,000 katika mkoa mzima. Na ile ya mwaka 2022 zaidi ya milioni tano. Tamaa peke yake haiwezi kuujaza mji kiasi hicho.

Wataalamu wawili wa uchumi kutoka Marekani, John Harris na Michael Todaro, walilitazama jambo hili katika Afrika Mashariki na kutoa maelezo yao mwaka 1970. Walisema mhamiaji hufanya hesabu. Haulinganishi mshahara wa mjini na pato la shamba hivi hivi tu. Huupima mshahara huo pamoja na uwezekano wa kuupata. Ikiwa mshahara ni mkubwa vya kutosha, mtu atakubali kukaa miezi bila kazi, kama mvuvi anayengoja samaki. Kwa hiyo kuongeza kazi mjini kwaweza kuongeza idadi ya wasio na kazi. Kenya iliyaona hayo mwaka 1964. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana kuongeza nafasi za ajira, na mara watu wengi kupita nafasi zenyewe wakajitokeza kujiandikisha.

Lakini hesabu hiyo ina upungufu wake, nao utauona upesi mama yeyote mwenye watoto watano. Inamfanya kijana aonekane kana kwamba aliamua peke yake. Nauli ilitoka wapi? Aliuzwa mbuzi wa nani? Katika miaka ya 1980 mtaalamu Oded Stark na wenzake walieleza kwamba mara nyingi anayehama si mtu mmoja, bali ni kaya nzima inayojigawa ili isipatwe na janga kwa pamoja. Mvua ikikosekana kijijini, mshahara wa mjini haukaushwi na jua lile lile. Mtoto mmoja anabaki na jembe, mwingine anatumwa mjini, wa tatu anaolewa wilaya ya mbali. Ndiyo maana fedha inayotumwa nyumbani si zawadi tu. Ni deni, na kila mfanyakazi asomaye ukurasa huu analijua uzito wake ufikapo mwisho wa mwezi.

Na yule aliyetumwa, hofu yake kubwa ni ipi? Wengi watasema njaa. Mimi nadhani ni kufa ugenini.

Wakumbuke manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Walitoka Songea, Njombe, Kigoma, wengine Rwanda, Burundi na Msumbiji. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Aliyeugua, kadi yake haikujaa. Aliyekufa alikuwa mbali na kaburi la babu yake kwa mwendo wa majuma. Hapo ndipo utani ulipofanya kazi ambayo leo tumeisahau, tukidhani utani ni mizaha tu. Mnyamwezi aliyefia pwani alikuwa na Mzaramo wa kumsitiri, kwa kuwa mtani ana wajibu wake msibani: kuchimba kaburi, kushika shughuli, hata kuwatania wafiwa wasizidiwe na kilio. Ilikuwa bima kabla ya kampuni za bima, na haikuandikwa popote.

Dini nayo ilishika nafasi kama hiyo. Mgeni asiyejua mtaa hata mmoja anajua pa kuuliza msikiti au kanisa, na huko atakuta watu watakaogundua asipoonekana. Mtaalamu Bronisław Malinowski, aliyeishi katika visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona jambo la kufikirisha. Wavuvi wa maji matulivu ya ndani walitegemea ujuzi wao tu. Wale wa bahari kuu, penye hatari na bahati, walifuata uganga na miiko mingi. Wapo waliomcheka kwa kurahisisha mambo, na imani ni pana kuliko hofu. Hata hivyo, msomaji, tazama maandishi ya dua kwenye malori yaendayo safari ndefu, kisha utafute maandishi hayo kwenye baiskeli ya muuza maziwa.

Jambo la ajabu ni kwamba hatari tunazoziogopa si lazima ziwe zile zinazotuua. Wazee wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanazikumbuka habari za mumiani, kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Kwenye miji ya migodi ya Kongo walisimulia hivyo hivyo habari za batumbula. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizi katika kitabu kilichotoka mwaka 2000, akaonyesha kwamba hazikuwa upumbavu. Watu walikuwa wakisema kwa njia yao juu ya kazi mpya, magari mekundu yasiyoeleweka, na mabwana walioonekana kuchuma nguvu za wengine. Lakini wakati watu wakiogopa gari la zimamoto, kuhara na malaria viliendelea kuzika watoto.

Leo katika mitaa ya miji yetu kuna vyama vya kufa na kuzikana, vingi vikiendeshwa na akina mama. Kila mwezi mchango unatolewa, jina linatiwa alama kwenye daftari, na msiba ukitokea sanda au jeneza, usafiri na chakula vinapatikana bila mtu kupitisha kofia. Mgogoro unaozuka kila mara ni mmoja: mwanachama amefariki, naye alikuwa hajalipa kwa miezi mitatu kwa sababu hakuwa na kazi. Kanuni zasema amepoteza haki yake. Katibu huzisoma kwa sauti. Wapo wanaokumbusha kwamba fedha ni za wote, na wakimsamehe huyu, nani atalipa mwezi ujao? Nimekaa katika vikao vya namna hiyo mara kadhaa, na majadiliano huwa makali. Sijapata kuona kikao kilichokwisha kabla mtu mmoja hajaenda kuulizia bei ya gari la kubebea maiti.