Hendikapu ya hoki ya barafu: -1.5 ina maana gani?

Usiku wa manane, mpira wa miguu ukiisha, programu za kubeti huendelea kuonyesha mechi za NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Tueleze namba zake.

Hendikapu ya -1.5 maana yake timu uliyoichagua ishinde kwa tofauti ya mabao mawili au zaidi. Ikishinda 3–2, mkeka umechanika. Ukichagua +1.5, timu yako hata ikifungwa kwa bao moja, umepata.

Wazoefu huangalia kipa anayeanza, na kama timu ilicheza jana yake. Tena timu iliyo nyuma humtoa kipa dakika za mwisho ili iongeze mshambuliaji. Lango likibaki tupu, 3–2 hugeuka 4–2 ghafla.

Sasa tupige hesabu. Kwa odi ya 1.90, ukiweka shilingi 1,000 mara 100, umetoa 100,000. Ukipatia mara 52, unarudishiwa 98,800. Umepatia zaidi ya nusu, na bado umepoteza 1,200. Faida ya kampuni imo ndani ya odi yenyewe. Ndiyo maana tunasema: pesa ya mbegu na ada isiguswe.