Pawatila ya zamani: kagua giaboksi kwanza, spea za injini zipo machimboni

Msimu wa kulima umekaribia, huku kwetu Geita mvua za kwanza huanza Oktoba kuelekea Novemba. Kila mwaka kipindi kama hiki napata swali lile lile: "Bwana shamba, kuna pawatila ya zamani inauzwa, imekaa nje miaka. Nichukue au niache? Na spea zake nitatoa wapi?" Leo nalijibu kwa kirefu kidogo.

Nyingi ya pawatila hizi zilikuja enzi za Kilimo Kwanza, iliyozinduliwa mwaka 2009. Halmashauri zilizinunua kupitia DADPs na kuwapa vikundi kwa kuchangia. Nyingi tunazokutana nazo ni za Kichina, muundo wa Dongfeng DF-12 na DF-15, chache ni Kubota. Leo unazikuta chini ya mwembe, tairi zimekaa, mikanda imekatika, nyingine hata injini haina.

Kijana akienda kukagua, anapiga hendeli. Ikiwaka analipa, isipowaka anaondoka. Huo ndio ukaguzi wa kinyume. Ukiwa ukanda huu wa dhahabu, injini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kupata. Kinachoua pawatila huku ni giaboksi.

Kwa nini injini sio tatizo kwetu

Ukiwa Nyarugusu, nenda kwenye makarasha uangalie kinachozungusha lile pipa la kusagia mawe. Pale ambapo hawatumii mota ya umeme, utakuta injini ya dizeli ya kulala, silinda moja, tangi la maji juu, flaiwili kubwa pembeni. Ni ndugu wa damu wa ile iliyo kwenye pawatila yako. Mashine nyingi za kusaga nafaka vijijini nazo zinatumia hizo hizo.

Majina yake yanasomeka kirahisi. S195 maana yake silinda 1, kipenyo cha pistoni milimita 95. S1100 ni silinda 1, milimita 100. S1115 ni silinda 1, milimita 115. R180 ni silinda 1, milimita 80. DF-12 kwa kawaida inabeba S195, yenye nguvu za farasi 12, na DF-15 inabeba ya 1100. Injini hizi zina chimbuko kwenye viwanda vya China, hasa mji wa Changzhou, na viwanda vingi vimezitengeneza kwa muundo ule ule. Ndio maana pistoni au ringi ya chapa moja mara nyingi inakaa kwenye injini ya chapa nyingine.

Sasa fikiria: karasha likisimama, mwenye nalo anapoteza hela kila saa. Hawezi kusubiri spea kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo maduka ya Katoro na Geita mjini yanaweka ringi, laina, gasketi, nozeli na pampu za injini hizi, na mafundi wake wapo machimboni. Mkulima wa mkoa usio na machimbo hana bahati hii.

Angalizo mawili lakini:

1. Andika herufi zote zilizo kwenye kibati cha injini, sio namba tu. S1100 na ZS1100 hazifanani kichwa cha pistoni wala nozeli, kwa sababu ZS inapulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Ukisema dukani "nipe pistoni ya elfu na mia" bila herufi, utarudi nayo.
2. Usinunue pistoni, laina au kranki iliyotumika kwenye karasha, hata iwe bei ya kutupa. Ile injini imevuta vumbi la mawe usiku na mchana, na vumbi hilo linakula chuma. Vitu vya ndani nunua vipya. Vitu vya nje kama tangi la dizeli, flaiwili, hendeli au ekzosi, hivyo hata vya mtumba sawa.

Giaboksi: hapa ndipo pa kuinamia

Gia za pawatila hazitumiki kwenye karasha wala kwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo dukani hazipo, na kila muundo una zake. Fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi:

1. Fungua nati ya chini, mwaga oili kidogo kwenye chupa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, tegemea beringi na sili kuwa zimekufa. Ukiona vipande vya chuma, sio unga tu, kuna jino la gia limevunjika.
2. Inua tairi zote mbili zisiguse chini. Ingiza gia moja moja ukizungusha kwa mkono, za mbele zote na za nyuma. Sikiliza kama kuna sehemu inakwama au kuruka.
3. Bana klachi za kukatia kona, ya kushoto kisha ya kulia. Ukibana ya kushoto, tairi la kushoto linatakiwa liachie. Kama haliachii, kwenye majaruba itakuvuta ikuangushe.
4. Tikisa shafti ya rotavata juu na chini. Ikicheza sana, beringi zimeisha. Angalia na vishikio vya visu, maana kisu kinapatikana au fundi vyuma anakichonga, lakini shafti iliyochakaa ni kazi nyingine.
5. Pitisha kitambaa kwenye ganda lote la giaboksi utafute ufa au alama ya kuchomelewa. Ganda ni chuma cha kumimina, na likichomelewa ovyo linapasuka tena. Ukikuta hivyo, iache.

Jino la gia likivunjika unaweza kuipeleka gia kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga. Anzia SIDO au VETA uulize. Ila wape gia nzima hata kama imevunjika, wahesabu meno, na uulize kama wataikausha kwa moto ikawa ngumu. Gia laini haimalizi msimu.

Dukani peleka namba

Kuna spea hazina chapa kabisa, ni namba tu. Hizi utazipata hata kwenye duka la spea za pikipiki na magari.

- Beringi: soma namba pembeni. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zidishe kwa 5, unapata tundu la ndani. 6205 ni 05 mara 5, milimita 25. Beringi za zamani za Kichina zimeandikwa 205 au 305, hizo ndizo 6205 na 6305 za leo. Wengi wanaambiwa "haipo" kumbe ipo.
- Sili ya oili: namba tatu, kwa mfano 35-52-10. Ya kwanza ni shafti, ya pili ni tundu inapokaa, ya tatu ni unene.
- Mkanda: mara nyingi ni aina ya B, upana wa juu milimita 17. Kuna inayoandikwa kwa inchi na inayoandikwa kwa milimita. Inchi 1 ni milimita 25.4, kwa hiyo B74 na B1880 ni urefu ule ule. Mikanda ibadilishe yote kwa mpigo, mpya na wa zamani hawavuti sawa.
- Tairi: DF-12 inavaa 6.00-12.

Kabla ya kulipa

Moja, jumlisha. Orodhesha kila kilichokufa, uliza bei maduka matatu, weka na ufundi na usafiri. Kanuni yangu: bei ya kununulia pamoja na matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mpya, achana nayo.

Mbili, muulize anayeuza yeye ni nani. Pawatila iliyotolewa kwa kikundi sio mali ya mwenyekiti wala ya katibu. Dai muhtasari wa kikao cha wanakikundi wenye saini zao, kisha upite ofisi ya kata na halmashauri kuhakikisha haina deni. Bila hivyo utaitengeneza, utaiwasha, halafu wenyewe watajitokeza siku ya kwanza ya kulima.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu kidogo. Ukishaitengeneza, mwenye karasha atakufuata kiangazi aikodi injini. Hela yake ni tamu na inakuja kwa siku. Lakini shambani injini inafanya kazi wiki chache, kule inakesha. Pawatila nyingi ninazoziona hazina injini zilianza hivyo hivyo, "tunaiazima mwezi mmoja tu." Ukiamua kukodisha, andikianeni saa za kazi, oili ibadilishwe kila saa 100, na tarehe ya kurudi iwe kabla ya Oktoba. Mvua haimsubiri mtu ambaye injini yake ipo machimboni.

Ukienda kukagua, beba spana, tochi, chupa safi, kitambaa, rula na daftari. Hendeli piga mwisho.